Uzi: Kupika kindi na nyamapori ndogo nyumbani, bila harufu na bila kung'oa meno

Mla_Pori (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mada ya nyamapori ndogo ikiguswa huwa wanatokea watu wa aina mbili. Kuna wanaoapa kwamba kindi ni mtamu kupita kuku, na kuna waliomwonja mara moja wakamtema kwa sababu alinuka na kuvutika mdomoni. Wote ni wakweli. Kindi anakula mbegu, kokwa, matunda na machipukizi, nyama yake haina sababu ya kunuka. Harufu anaipatia mikononi mwetu, na ugumu anaupatia kwenye moto usiolingana na umri wake. Huo ndio uzi wangu, mengine tutajazana.

Suala la sheria nalimaliza hapa hapa. Uingereza kindi wa kijivu, aliyeletwa kutoka Amerika Kaskazini mwaka 1876, analiwa bila shida, lakini kindi mwekundu analindwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo kabla ya sufuria, ulizia ofisi ya wanyamapori ya kwako. Asiyeruhusiwa hapikwi, hata awe mtamu vipi.

Haya. Saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Manyoya yanatunza joto, na matumbo ya mnyama mdogo yako jirani mno na nyama. Toa matumbo mapema, pale pale ikiwezekana. Utumbo au kibofu kikipasuka, suuza na ukate sehemu iliyoguswa. Usirundike wanyama wa moto kwenye mfuko wa plastiki ukaufunga, hapo ndipo wengi wanapotengeneza ile harufu wanayokuja kumsingizia kindi. Nyama inatakiwa ishuke chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Ikikaa kati ya nyuzi 4 na 60 kwa zaidi ya saa mbili, bakteria wamekutangulia kula. Na kukiwa na joto la nyuzi 32 kwenda juu, hesabu saa moja tu.

Kuchuna. Sungura anavuka kama soksi, kindi hapana, ngozi yake imeng'ang'ania. Mlowanishe maji mwili mzima kwanza, la sivyo manyoya yatapeperuka na kuganda kwenye nyama, na kuyabandua moja moja ni adhabu. Mgeuze, kata chini ya mkia mpaka upite mfupa wa mkia, ila ile ngozi ya juu ya mkia iache imeungana na ya mgongo. Panua mkato kidogo kuelekea mapaja yote mawili. Kanyaga mkia kwa kiatu, shika miguu ya nyuma, vuta juu polepole kwa nguvu isiyokatika. Nusu ya juu itavuka hadi shingoni. Kisha ingiza vidole chini ya ile ncha ya ngozi iliyobaki tumboni, vuta nusu ya chini kuelekea miguuni. Fanya hivyo angali na joto. Akishapoa na kukakamaa mtagombana.

Tezi. Kwapani kwa miguu ya mbele na kiunoni kuna vipunje vidogo vya kijivu au kahawia, kwa kindi na kwa sungura pia. Vitoe vizima bila kuvipasua. Watu wengi hawavijui kabisa, wanavipika, halafu wanalalamika.

Baada ya hapo nyama ilale kwenye friji usiku mzima ndani ya maji ya chumvi: gramu 50 hadi 60 za chumvi kwa lita moja. Inatoka damu iliyovilia, na nyuzi za nyama zinashika maji, kwa hiyo haikauki upesi motoni.

Umri sasa. Shika sikio ulivute: la kijana ni jembamba na linachanika kirahisi, la mzee ni gumu. Kwa sungura tazama na kucha, za kijana ni kali na laini, za mzee zimeliwa butu. Ngozi iliyokataa kabisa kutoka nayo ni ushahidi. Kijana kaanga au banika. Mzee mchemshe kwa moto mdogo, kifuniko kimefungwa, saa mbili hadi tatu. Hakuna njia ya mkato kwa kukaanga mzee. Mnyama aliyeruka matawi miaka kadhaa ana kolajeni ngumu kwenye misuli (zile nyuzi zinazoshikilia nyama), na kolajeni inageuka jelatini kwa unyevu, joto na muda. Moto mkali unaikaza tu.

Karibuni.

---

Kisu Butu

Uzi umesimama mkuu. Ila kwenye chumvi napinga. Mimi nyamapori yoyote naitupa kwenye siki na maji nusu kwa nusu, inalala, asubuhi harufu hakuna. Chumvi ni ya kusafishia samaki.

---

Mla_Pori

Kisu Butu, siki si mbaya, tatizo ni kipimo na muda. Asidi inashughulika na uso wa nyama. Kwa kipande kidogo kama paja la kindi, nusu kwa nusu usiku mzima maana yake uso umeshaiva kwa asidi: unakuwa mweupe na wa ungaunga, ndani bado vilevile. Halafu ukionja unaonja siki. Ukiipenda asidi, tumia vijiko viwili vya siki au maji ya limau moja kwenye lita ya maji, kwa saa moja au mbili, au iweke kwenye mchuzi mwishoni. Mnyama aliyetolewa matumbo mapema na kupozwa hahitaji kufichwa na siki.

---

Kisu Butu

Sawa, ila wangu hawana ungaunga.

---

Mpita Njia 77

Yaani kindi? Yule anayenichungulia dirishani? Nasoma tu wakuu, mimi hapana.

---

Tabibu wa Pembeni

Naomba niongeze la afya kabla watu hawajakimbilia sufuria. Hatari kubwa ya wanyama hawa iko kwenye kuwashika wakiwa wabichi, kuliko kuwala wakiwa wameiva.

La kwanza ni tularemia. Bakteria wake wanaishi kwa sungura, panya na kindi, hasa Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, na wanaingia kupitia mchubuko mdogo tu wa ngozi, au kwa kuumwa na kupe. Dalili huanza kwa kawaida siku 3 hadi 5 baadaye: homa ya ghafla, kidonda pale walipoingilia, mitoki imevimba. Inatibika kwa dawa za kuua bakteria, alimradi umwambie daktari kwamba ulichuna mnyama, maana bila hivyo hatawaza huko. Kwa hiyo vaa glovu. Ukimpasua mnyama ukakuta ini au bandama lina vidoa vyeupe vidogo kama kichwa cha sindano, acha. Usijaribu kukata sehemu mbaya ubakize nzuri, mnyama mzima aende. Kugandisha hakuui bakteria hao, wanaweza kuishi miaka ndani ya nyama iliyoganda. Moto ndio unaowamaliza: nyuzi 74 katikati ya nyama, pembeni mwa mfupa.

La pili ni viroboto. Mwili ukipoa wanahama kutafuta mwenye joto, na mwenye joto ni wewe. Kindi wa ardhini katika baadhi ya maeneo wanabeba viroboto wa tauni. Subiri dakika chache mbali na mnyama, au mfunge kwenye mfuko kwa muda mfupi sana wakati wa kumbeba. Najua mleta uzi kakataza mifuko, ila nazungumzia dakika, sio safari nzima.

La tatu ni mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta homa na upele. Mwaka 1985 virusi vyake vilipatikana kwa kindi mgonjwa wa jamii ya Funisciurus huko Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hiyo haina maana kila kindi anacho. Ina maana moja tu: mnyama uliyemkuta amekufa, anayeyumba, aliyejaa upele, au anayekubali kushikwa na mkono bila kukimbia, huyo si kitoweo. Kindi mzima hakubali ushikaji.

Na mbwa wako usimtupie matumbo mabichi.

---

Supu ya Kichwa

Daktari, mbona umenyamazia ubongo? Kuna mzee mmoja aliniambia kichwa cha kindi ndiyo sehemu yenyewe.

---

Tabibu wa Pembeni

Mkuu, jina lako linajieleza. Mwaka 1997 madaktari wa Kentucky, Marekani, waliandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu wagonjwa watano wa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob. Wote walikuwa wamewahi kula ubongo wa kindi. Haijathibitishwa kwamba kindi ndiye aliyesababisha, na katika eneo ambalo kula ubongo wa kindi ni jambo la kawaida, wagonjwa watano si ushahidi wa kufunga mtu. Ila ugonjwa huo hauna tiba, na prioni zinazouleta (protini zilizojikunja vibaya) hazifi kwa kuchemsha jikoni. Kichwa cha kindi kina nyama ya kujaza kijiko kimoja. Mimi nakitupa.

---

Supu ya Kichwa

Nimebadilisha msimamo, jina nabaki nalo.

---

Nusu Kikombe

Asante kwa uzi kaka. Mimi sina saa tatu za kukaa jikoni. Presha kuka inafaa? Na watoto, vile vimifupa vinanitia hofu.

---

Mla_Pori

Inafaa sana dada, na kwa mzee ndiyo naipenda zaidi. Kaanga vipande kwanza kwenye mafuta hadi vipate rangi ya kahawia pande zote, usiruke hatua hiyo, ladha ya mchuzi inazaliwa pale chini ya sufuria. Tia kitunguu, saumu, pilipili manga, nyanya ukipenda, na maji ya kufikia nusu ya nyama. Kwa kijana dakika 15, kwa mzee 25 hadi 35, halafu acha presha ishuke yenyewe. Ukiifungulia ghafla, mchuzi unachemka kwa fujo, nyama inakaza na kuchanikachanika.

Kwa watoto usipeleke nyama na mfupa mezani. Ikishaiva ipoze, ichambue kwa vidole, sio kwa uma, kwa sababu vidole vinahisi mfupa mdogo ambao jicho halioni. Mbavu zake ni nyembamba na zenye ncha, usihangaike nazo. Kata kindi vipande vitano: mapaja mawili ya nyuma, miguu miwili ya mbele, na mgongo wa kati. Mbavu na shingo ni za supu, uchuje. Nyama nyingi iko kwenye mapaja ya nyuma na mgongo. Kindi wa kijivu mzima ana gramu 400 hadi 600 akiwa na ngozi yake, na karibu nusu inabaki baada ya kumsafisha, kwa hiyo hesabu mmoja kwa mtu mzima mmoja. Akiingia kwenye mchuzi wenye mboga nyingi, wawili wanalisha watu watatu au wanne.

---

Jicho la Tai

Hakuna aliyegusa marisau (vile vipunje vya bunduki, mara nyingi vya madini ya risasi), na ndiyo yanayonitoa roho. Mnyama mdogo akipigwa na bunduki ya marisau, nyama inabaki na punje. Watu wanadhani ukiziona ukazitoa umemaliza. Madini ya risasi ni laini, yakigonga mfupa yanameguka vipande ambavyo huvioni wala huvihisi kwa ulimi. Kwa mtu mzima anayekula mara chache labda isimsumbue, ila kwa mtoto na mjamzito hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, inaharibu ubongo unaokua. Na siki ya bwana Kisu Butu hapo inazidisha, asidi inayeyusha risasi na kuiingiza kwenye mchuzi.

Kata kwa ukarimu kuzunguka kila tundu, nyama yenye damu iliyovilia yote itoke. Kama ni unyoya au manyoya yameingia ndani ya tundu, fuata njia yake, punje iko mwisho wake. Bora zaidi tumia marisau ya chuma. Marekani ilishakataza ya risasi kwa kuwinda bata wa majini nchi nzima tangu 1991, na Umoja wa Ulaya ukakataza katika maeneo ya ardhi oevu mwaka 2023.

---

Kisu Butu

Leo nimekuwa mfano wa darasa. Haya.

---

Mtego Mkavu

Nyongeza kwa wanaotega karibu na maghala na majumba. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, na zinajikusanya kwenye ini. Kindi anaila sumu ile ile iliyowekewa panya, anaishi siku kadhaa, na kwa nje unamwona mzima. Kupika hakuiondoi. Mimi mnyama wa eneo lenye sumu simli kabisa, na ini la kindi nisiyejua alikotoka silikaribishi. Ukimpasua ukakuta damu imejaa ndani ya mwili bila jeraha, umeshapata jibu.

Na kuna wale wenye uvimbe chini ya ngozi wenye tundu dogo la kupumulia. Huyo ni funza wa nzi anayeishi kwa kindi na sungura, anapatikana mabara ya Amerika. Anatisha, ila nyama chini yake haina shida, ukikata pale ukatupa, iliyobaki inaliwa. Mwenye moyo mwepesi amsubiri kindi wa msimu wa baridi.

---

Chungu Kizito

Mnazungumza hatari tu, mimi naleta mapishi. Marekani kuna mchuzi unaitwa Brunswick stew, na kindi ndiye aliyekuwa nyama yake kabla kuku hajampokonya kazi. Jimbo la Virginia linasema ulipikwa kwanza kwao mwaka 1828 na mpishi wa msafara wa wawindaji. Georgia nao wana sufuria kubwa kwenye mnara inayodai ni kwao mwaka 1898. Ugomvi wao hauishi, ila mchuzi wenyewe una akili: kindi anachemshwa hadi nyama iachane na mfupa, mifupa inatolewa, kisha vinaingia nyanya, kitunguu, mahindi, maharage makubwa na viazi, vinachemka hadi kijiko kisimame. Kwa nini una akili? Kwa sababu kindi hana mafuta. Wanga na uzito wa mboga vinafunika upungufu huo, na wengi wanaongeza kipande cha nyama ya nguruwe yenye mafuta. Asiyekula nguruwe atumie siagi, au mafuta ya kuku. Cha muhimu mafuta yatoke mahali fulani.

---

Tabibu wa Pembeni

Chungu Kizito umegusa jambo. Nyama ya sungura wa porini na kindi ina protini tele na mafuta kidogo mno. Anayeishi kwa nyama hiyo peke yake, bila mafuta wala wanga, anaugua: kichefuchefu, kuhara, uchovu, na njaa isiyoshiba hata tumbo likiwa limejaa. Wasafiri wa kaskazini waliijua hali hiyo vizuri, kwa sababu ini lina kikomo cha protini linayoweza kuishughulikia. Kwenye chakula cha kawaida cha nyumbani hutafika huko. Ila ndiyo sababu ulimi wako unadai mafuta kwenye sahani hii, usiubishie.

---

Bawa Moja

Na sisi wa ndege? Kwale, njiwa pori, kanga?

---

Mla_Pori

Karibu Bawa Moja. Kanuni ni ile ile ya umri, ila alama zinabadilika. Kwa kwale na kanga, mdomo wa chini wa kijana unapinda ukiushika, na kwa kwale dume, vijembe vya miguuni ni vifupi na butu. Vya mzee ni virefu vyenye ncha. Njiwa mimi natoa kifua tu, nakibandika kwenye kikaango cha moto sana. Wapo wanaokila chekundu katikati, hiyo ni shingo yao, kipimajoto kinasema 74 na mimi nakifuata. Kanga mzee usimwoke, utajuta. Mchemshe, mchuzi wake ni mzuri hata kuliko nyama.

Kwale na sungura ninaowaoka bila kuwakata vipande, nawafunika kwa mafuta au karatasi ya kuokea yenye siagi kwa nusu ya kwanza ya muda. Na sungura kuna wawili mezani: yule wa mashimo ana nyama nyeupe unayoweza kuipika kama kuku, na yule mkubwa wa miguu mirefu anayelala juu ya ardhi ana nyama nyekundu iliyokoza, huyo mpike kama nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, na divai au nyanya haimdhuru.

---

Tabibu wa Pembeni

Kware wanaohama (si kwale), tahadhari moja. Katika baadhi ya maeneo ya njia zao, hasa kandokando ya Mediterania, kuna watu waliowala wakapata maumivu makali ya misuli na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, yaani misuli inavunjika na kuziba figo. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Ikitokea, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kware wa kufugwa hawana habari hiyo.

---

Nusu Kikombe

Swali la mwisho wakuu. Wakibaki, friza wanakaa muda gani? Wangu wanatoka na madoa meupe makavu.

---

Mla_Pori

Hayo madoa ni hewa kavu ya friza imenyonya maji ya nyama. Haidhuru, ila sehemu hiyo inakuwa na ladha ya kadibodi, ikate. Mnyama mdogo ana uso mwingi kuliko uzito, kwa hiyo mfuko mtupu haumtoshi. Weka vipande kwenye chombo, mimina maji baridi yafunike, gandisha yawe bonge moja la barafu. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri anakaa miezi sita akiwa na ladha yake. Siku ya kupika hamishia bonge kwenye friji tangu jana yake, usiliache mezani. Yale maji yaliyoyeyuka yamwage, yana damu. Na kama uliwaweka kwenye chumvi kabla ya kugandisha, onja mchuzi kabla hujatia chumvi nyingine.

---

Mpita Njia 77

Nimeuliza tu kwa ajili ya rafiki: huyo wa kijana anakaangwa dakika ngapi?

---

Mla_Pori

Mwambie rafiki yako vipande vikaushwe na kitambaa, vipakwe unga wenye chumvi na pilipili manga, mafuta ya moto wa kati, dakika 6 hadi 8 kila upande. Halafu apunguze moto, atie vijiko vichache vya maji, afunike dakika 20. Afunue mwishoni ganda likauke tena. Na apime pembeni ya mfupa wa paja.

---

Mpita Njia 77

Rafiki anashukuru. Anauliza pia kama dirisha la jirani linahesabika kuwa eneo la uwindaji.

---

Mtego Mkavu

Halihesabiki. Na jirani ameweka sumu ya panya.